Simulizi za Mshipi: Samaki Waliobaki Katika Maneno

Jina la Nyabusozi halina harufu ya samaki. Ndani yake unasikika mzizi -sozi, ambao katika lugha kadhaa za Maziwa Makuu hutaja kilima: Warundi na Wanyarwanda husema umusozi, Waganda husema olusozi. Ndivyo kulivyo kwetu Biharamulo, nchi ya vilima, miombo na migomba. Hata hivyo, mimi niliyezaliwa vilimani nilikua nikisikiliza habari za samaki kila jioni, kwa kuwa mjomba wangu alikuwa mvuvi wa mshipi, na wengi wa wageni wake walikuwa wavuvi wenzake.

Zama hizo kwenda ziwani hakukuwa kwenda wilaya ya watu. Biharamulo ilifika hadi Ziwa Victoria, na bandari ya Nyamirembe ilikuwa yetu. Mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, ulipopewa jina la Kagera. Baadaye, mwaka 2005, Chato ilimegwa kutoka Biharamulo ikawa wilaya, na mwaka 2012 ikaingizwa katika Mkoa mpya wa Geita. Mipaka ya karatasi ikasogea. Kumbukumbu za wavuvi hazikusogea. Mjomba alizoea kushuka mwaloni kwa baiskeli, amefunga muhogo mkavu, chumvi na kibunda cha ndoano, akakaa majuma mawili au matatu, kisha akarejea na tenga la samaki wakavu.

Alipokuwa nyumbani, wazee walikutana barazani kwake baada ya chakula cha jioni, na kila mmoja akasimulia samaki wake. Kulikuwa na utaratibu usioandikwa. Msimulizi alitakiwa kutaja jina la samaki, chambo alichotumia, hali ya maji siku hiyo, na mtu aliyeshuhudia. Aliyeruka kimojawapo alikatizwa: “Bwana, chambo gani?” Mimi mtoto niliyeketi karibu na mlango niliyahesabu yote kuwa porojo, maana niliona jinsi mkono wa mvuvi unavyorefuka kila anapoipima upya mbele ya watu ile samaki yake ya mwaka juzi.

Leo nashikilia kauli nyingine. Simulizi ya mvuvi ni hati ya historia. Urefu wa samaki unaweza kutiliwa shaka. Jina la samaki na jina la chambo ni vigumu kuyatilia shaka, kwa sababu msimulizi hana faida yoyote ya kuyabuni. Kwa majina hayo tunaweza kujua ziwa lilikuwaje mwaka ambao mshipi ulitupwa.

Nianze na samaki ambaye mjomba alimsimulia kuliko wote. Wageni walitazamia jitu la majini. Naye alinyoosha viganja viwili tu, kimoja mbele ya kingine. Alikuwa ngege. Vijana walicheka, wazee hawakucheka. Walijua kwamba ngege hula vimea vya kijani vinavyoelea majini, hivyo ndoano yenye chambo haimvutii kama inavyomvuta mbofu au kambare. Ngege alikuwa samaki wa nyavu na mitego. Kumpata kwa mshipi ilikuwa bahati iliyochanganyika na subira, na mjomba alimpata alfajiri moja kwa mnyoo, karibu na matete, kabla ya Uhuru. “Nilimtazama kabla sijamtia kapuni,” alikuwa akisema, “kwa sababu nilijua hatarudi wa pili.” Alimaanisha siku ile tu. Hakujua kwamba alikuwa akitabiri.

Ngege alikuwa ndiye samaki hasa wa Ziwa Victoria. Nyavu za kunasa za kigeni zilipoingia upande wa Kenya mwaka 1905, zilimlenga yeye. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alifanya uchunguzi wa kwanza mkubwa wa uvuvi wa ziwa hili, akaona kwamba ngege wanapungua, akapendekeza nyavu zenye matundu yaliyo chini ya inchi tano zipigwe marufuku. Yeye ndiye aliyempa jina la kitaalamu, Tilapia esculenta. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake “afaaye kuliwa”. Nadhani hakuna samaki aliyepata kuandikiwa hukumu yake kwa ufupi zaidi ya huo.

Katika simulizi za kipindi hicho yumo pia ningu, aliyepanda mito wakati wa masika kwenda kutaga, akangojewa kwa migono na baadaye kwa nyavu kwenye milango ya mito. Yumo gogogo, ambaye hutoa mlio anapotolewa majini, na sikio lolote hulitambua jina lake. Yumo kamongo, anayevuta hewa kama sisi na kuweza kujizika matopeni kiangazi kinapokausha bwawa. Mzee mmoja aliapa kwamba alimkuta kamongo kwa jembe, akilima bonde. Tulimcheka, baadaye nikasoma elimu ya viumbe nikaona kwamba hakuwa na sababu ya kusema uongo.

Kisha, katikati ya miaka ya 1980, msamiati wa baraza ukabadilika. Nakumbuka jioni mjomba aliporudi na kiganja kimefungwa kitambaa. Kamba ilikuwa imemkata. Alikuwa ametia furu hai kwenye ndoano, akingoja mbofu, na kilichoshika kikaukokota mtumbwi. Alisema alidhani amenasa kiboko. Walipokivuta hadi ubavuni mwa mtumbwi waliona mdomo ambao kichwa cha mtoto kingeingia. Alikuwa sangara.

Sangara hakuwa mwenyeji. Kuanzia miaka ya 1950 alitolewa Ziwa Albert akapandikizwa upande wa Uganda, na miaka ya mwanzo ya 1960 wakaongezwa wengine. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika kuonya kwamba kumtia mlaji mkubwa namna hiyo katika ziwa lenye samaki wadogo wa aina nyingi ni hatari. Onyo halikuzuia kitu. Kwa miaka kadhaa sangara alikuwa adimu. Katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafula, naye aweza kufikia urefu wa mita mbili. Waliokuwa chakula chake cha kwanza ni furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi ambao aina zao ziwani zilikadiriwa kufikia mia tano. Aina zipatazo mia mbili zinadhaniwa kutoweka.

Angalia sasa lugha ilivyofuata maji. Furu na ngege walianikwa juani. Sangara ana mafuta mengi, ikabidi akaangwe au abanikwe, na kuni zikapanda thamani. Viwanda vya minofu vikaja Mwanza na miji mingine ya ziwa. Hapo tukapata mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya minofu kuondoka. Tukapata mabondo, vibofu vya hewa vinavyouzwa ng’ambo kwa bei kubwa. Tukapata kayabo, sangara wa chumvi aendaye Kongo, neno linalonisikikia kuwa ndugu wa makayabu ya Wakongo. Na kipimo nacho kikabadilika. Mjomba alipima kwa kiganja, shubiri na pima. Wajomba wa leo hupima kwa kilo, kwa sababu mwaloni kuna mizani na anayeshika mizani ndiye atajaye bei. Baraza za wavuvi wa leo hazikosi sifa wala majigambo, lakini chambo hakiulizwi kwanza. Huulizwa: “Alipiga kilo ngapi?”

Wapenzi wa lugha watapenda pia kuona jinsi majina yanavyosafiri. Dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza si wa ukoo mmoja. Yule wa Ziwa Tanganyika ni wa jamaa ya heringi, huyu wa Victoria ni wa jamaa ya kapu wa maji baridi. Kiswahili kilitazama udogo wao na namna wanavyovuliwa usiku kwa taa, kikawapa jina moja. Jina sangara nalo halikuzaliwa pamoja na samaki huyu: Ziwa Tanganyika lina jamaa zake wanaoitwa sangala, ilhali Waluo humwita wa Victoria mbuta na Waganda humwita mputa. Methali zetu za uvuvi, kwa upande wake, nyingi zilizaliwa pwani. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, husema wahenga, na mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ziwa halina pweza, wala maji yake hayakupwi na kujaa kama ya bahari. Mvuvi wa Nyamirembe alizipokea methali hizo kama mtu apokeavyo koti la nduguye: zinamfaa, ila si za kimo chake. Msamiati wa kimo chake ndio huo wa baraza, na washairi wetu bado hawajauchota vya kutosha.

Nina deni ambalo sitaweza kulilipa. Mjomba hakusema “furu” tu. Alikuwa na majina ya furu wa mawe, furu wa matete, furu mwenye tumbo jekundu, furu abebaye mayai mdomoni akakataa chambo kwa siku nyingi. Aliyataja kwa vidole, mkono wa kulia kisha wa kushoto, akarudia wa kulia. Nilikuwa na daftari la shule na kalamu. Nikaandika “aina nyingi za furu”, nikafunga daftari nikaenda kucheza. Mjomba alifariki na vidole vyake. Faraja yangu ni ndogo na ina uchungu: hata watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, walioanza kuwachunguza furu wa Mwanza pamoja na Watanzania mwaka 1977, walilazimika kuwapa wengi majina ya muda, na wengine walitoweka kabla sayansi haijawapa jina la kudumu. Yaani wapo viumbe waliokuwa na jina barazani kwa mjomba wakati vitabuni hawana. Daftari langu lingekuwa andiko lao pekee.

Ngege hajafa kabisa. Amesalia katika baadhi ya maziwa madogo yaliyo pembeni mwa ziwa kubwa, kama Kanyaboli huko Kenya, mahali ambapo mapapyrasi na matope humzuia sangara. Nami naona kwamba lugha yetu nayo ina maziwa madogo ya namna hiyo: baraza, mialo, vijiwe vya wazee washonao nyavu. Maneno yaliyokwisha katika maji makubwa ya magazeti na redio bado yanapumua humo.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, ndugu zangu washairi na wapenzi wa Kiswahili, ni dogo. Mkikutana na mvuvi mzee akianza kunyoosha mkono kuonyesha urefu wa samaki wake, msicheke kama nilivyocheka. Mwulizeni jina. Mwulizeni chambo. Kisha andikeni, kabla hamjaenda kucheza. Nami kwa deni langu nimebakiwa na ubeti mmoja tu:

Majina yenu moyoni, ningewaita mwitike,
Ngege na ningu majini, nani leo awashike?
Mshipi u mkononi, kuwangoja nisichoke,
Na tuwaweke lughani, majina yasitoweke.