Mwendo wa Mchezo: Gofu, Bao na Kafi za Mto Kongo

Yanonge, ukingo wa kushoto wa Mto Kongo, chini kidogo ya Kisangani, hakuna kiwanja cha gofu. Hata hivyo, kero kubwa ya wacheza gofu, yaani mchezaji anayejivuta na kuwachelewesha wengine, Walokele wa mto huo wanajua kuidhibiti kwa njia yao, na watu wa pwani kwa njia yao. Linganisha njia hizo utaona kwamba zinatofautiana katika jambo moja: nani ana ruhusa ya kumhimiza mwenzake.

Gofu imeikabidhi saa kazi hiyo. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2019 zinashauri mchezaji apige ndani ya sekunde 40 tangu zamu yake ifike, tena kwa kawaida awahi zaidi. Muda wa kuutafuta mpira uliopotea ulipunguzwa kutoka dakika 5 hadi 3. Katika mashindano ya kuhesabu mapigo, aliye tayari anahimizwa apige hata kama si zamu yake, mradi usalama upo.

Bao, mchezo wa watu wa pwani, halina saa. Lina mashimo 32, kete 64, na baraza iliyojaa watu. Fundi akitafakari mtaji mzito, yaani hatua ya kula kete za mpinzani, huachwa apige hesabu zake. Anayezubaa bure huandamwa kwa mizaha mpaka mkono usogee. Watazamaji ndio waamuzi, na silaha yao ni ulimi.

Mtoni, anayehimiza ni wimbo. Mmoja huanzisha, wengine huitikia, na kafi zote huzama pamoja. Msafiri Henry Morton Stanley, aliposhambuliwa kwenye makutano ya mito Aruwimi na Kongo mwaka 1877, alieleza mtumbwi mkubwa wenye wapiga kafi 40 kila upande, wamesimama, wakiinuka na kuinama kwa kufuata wimbo. Ndani ya mtumbwi kama huo anayechelewa hahitaji kukaripiwa: kafi yake hugongana na ya jirani.

Mtu atasema gofu ina shida yake kwa sababu wanaocheleweshwa wako nyuma, mbali na macho. Sivyo. Januari 2018, katika mashindano kwenye kiwanja cha Torrey Pines, Marekani, mchezaji J.B. Holmes alisimama zaidi ya dakika 4 kabla ya kupiga pigo lake la pili kwenye shimo la mwisho. Mchezaji mwenzake Alex Noren, aliyekuwa akiwania ubingwa, alikuwa papo hapo akisubiri. Alinyamaza, kwa kuwa adabu ya gofu inataka ukimya. Ukimya huo ndio unaomlinda mzembe.

Bila shaka ukimya una sababu yake. Apigaye gofu hupiga peke yake, na kelele humharibia. Wapiga kafi hufanya kazi moja kwa pamoja. Lakini pigo lenyewe ni kufumba na kufumbua. Muda hupotelea kati ya pigo na pigo: katika kutembea, kuchagua fimbo, kusaka mpira vichakani. Hapo hakuna anayeharibiwa na sauti ya mwenzake.

Kwa hiyo vilabu vyetu, kuanzia Muthaiga hadi Entebbe, visitegemee saa na adhabu pekee. Mtu anaposhika fimbo, anyamaziwe. Akishapiga, mwenzake na kedi wake wawe na haki ya kumwambia waziwazi, bila kuonekana wakorofi: "Twende, tunasubiriwa."