Samaki Hawakusoma Kitabu cha Cajal

Wasee, hii lazima umeambiwa: ukishakuwa mtu mzima, seli za ubongo ulizonazo ni hizo tu. Zikifa, basi. Hebu tuangalie hiyo stori ilitoka wapi, na samaki waliivuruga aje.

Ilitoka kwa mtu mzito. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania, alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1906 kwa kazi yake juu ya seli za neva. Miaka michache baadaye akaandika kwamba ubongo wa mtu mzima umeshakamilika: seli zinaweza kufa, lakini mpya hazizaliwi. Cha kushangaza, yeye mwenyewe aliachia sayansi ya baadaye nafasi ya kugeuza hiyo hukumu. Waliokuja nyuma yake ndio walifunga mlango na kumeza ufunguo.

Miaka ya sitini, Joseph Altman wa MIT, Marekani, alidunga panya wazima kemikali yenye mionzi. Ujanja wake ni huu: seli ikitaka kugawanyika lazima inakili DNA yake, na ikinakili inabeba hiyo kemikali. Kwa hivyo ukipata alama ndani ya seli ya neva, unajua imezaliwa baada ya sindano. Altman alizipata. Akachapisha 1962, akachapisha tena 1965. Wengi walimpita tu kama tangazo la redio. Na mwaka wa 1985 Pasko Rakic aliposema hakuona seli mpya za neva kwa nyani wazima, wengi waliona kesi imeisha.

Sasa samaki. Mwaka wa 1995, Günther Zupanc na mwenzake walichapisha hesabu ya samaki wa umeme wa Amerika Kusini, Apteronotus leptorhynchus. Ndani ya saa mbili tu, seli kama 100,000 za ubongo wake mzima zilikuwa zinajiandaa kugawanyika. Nyingi ziko kwa ubongo wa nyuma, serebela. Si zote huwa neva, na nyingine hufa, lakini zingine hubaki na kuingia kazini.

Kwa nini samaki? Sababu moja ni kwamba samaki wengi hawaachi kukua. Misuli ikiongezeka na jicho likipanuka, ubongo nao unahitaji wafanyakazi wapya.

Halafu kuna yule samaki mdogo mwenye mistari kama punda milia. Mwaka wa 2011, watafiti wa Dresden, Ujerumani, walimjeruhi ubongo kwa kumdunga. Seli zake za glia, zile zinazozaa neva, ziliongeza kazi, na neva mpya zikafika hadi kwenye jeraha. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba uvimbe wenyewe ndio huwasha hiyo kazi. Sisi binadamu tukiumia ubongo, mara nyingi tunabaki na kovu. Ukiwa na mzazi aliyepata kiharusi, unaelewa hii si stori ya samaki peke yake.

Na sisi je? Mwaka wa 1998 watafiti wa Sweden na Marekani walipata seli changa za neva kwenye ubongo wa watu wazima. Mwaka wa 2018 kundi moja likasema kwa watu wazima hazionekani, lingine likasema zipo mpaka uzeeni. Bado wanabishana, na hiyo ni poa. Hivyo ndivyo inafaa kwenda.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo wengine wanangoja niseme maprofesa ni bure. Zii. Altman alikuwa msomi, na waliomthibitisha pia. Shida yangu ni watu kuheshimu jina kuliko ushahidi. Hao samaki walikuwa wanazaa neva wakati wote huo, ni kuangaliwa tu hawakuangaliwa vya kutosha.

Altman alipewa Tuzo ya Mwanamfalme wa Asturias mwaka wa 2011. Hesabu kutoka 1962: miaka 49. Na unajua hiyo tuzo hutolewa wapi? Uhispania, kwao Cajal.