Nyota, Njaa na Katuni ya Mwaka 1997

Wasikilizaji wa Kalemie, na ninyi wahamaji wa vita, leo tuzungumze juu ya katuni. Si ya watoto. Ni South Park ya Marekani, na inatuhusu: tarehe 19 Novemba 1997 ilicheka watu mashuhuri wanaosema kwa niaba ya wenye njaa.

Mambo yalianzia mbali. Oktoba 1984 televisheni ya BBC ya Uingereza ilionyesha njaa ya Korem, kaskazini mwa Ethiopia. Mwimbaji Bob Geldof akakusanya wenzake, wakarekodi wimbo. Tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha kubwa London na Philadelphia. Pesa nyingi zilipatikana, hilo tusilidharau. Lakini tangu pale watazamaji wa Ulaya na Marekani wakazoea kusikia habari ya njaa kutoka kinywa cha nyota.

Katika katuni ile, watoto wanatuma pesa za kumsaidia mtoto wa Ethiopia, kumbe wanataka saa ya mkononi ya zawadi. Kwa makosa wanaletewa mtoto mwenyewe. Baadaye mwenzao mnene, Cartman, anapelekwa Ethiopia badala ya yule mtoto. Kule anamkuta Sally Struthers amejifungia na chakula cha msaada. Struthers ni mwigizaji wa kweli, aliyeombea watoto maskini michango kwenye televisheni kwa miaka mingi. Hayo ya chakula ni mzaha uliotungwa, msimwite mwizi.

Mimi nilicheka, lakini si pote. Waethiopia wa katuni ile wanagonga-gonga ulimi tu. Si Kiamhari, si Kitigrinya. Mchekeshaji alimnyang'anya nyota mikro, halafu mwenye njaa hakuipata.

Na kwetu? Mwaka 2010 mwigizaji Ben Affleck alianzisha shirika kwa ajili ya mashariki ya Kongo, na baadaye akasema mbele ya Bunge la Marekani. Alisikilizwa, na pengine ilisaidia. Mama aliyekimbia vita vya Watwa na Waluba anaulizwa ana watoto wangapi, anapewa jetoni, anasubiri kwenye mstari. Njia aliyopita, mashamba aliyoacha, unga ulipokatika walikula nini: hayo anayajua yeye, na hakuna Bunge lililomwita.