Kusikia si Kuelewa: Kipandikizi cha Sikio na Mtoto wa Nyahanga

Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapandikizia watoto vifaa vya usikivu. Kabla ya hapo serikali ililazimika kuwapeleka nje ya nchi, hasa India, kwa gharama kubwa. Tukio hilo lilistahili kutangazwa. Kasoro ni kwamba tulilisimulia kana kwamba upasuaji ndio mwisho wa safari. Historia ya kifaa chenyewe inakanusha simulizi hiyo.

Mwaka 1957, jijini Paris, André Djourno na Charles Eyriès walipitisha umeme kwenye neva ya usikivu ya mtu kiziwi. Alisikia sauti, lakini hakuweza kufuata mazungumzo. Nchini Marekani, William House aliunda kifaa chenye njia moja tu ya umeme, kilichoidhinishwa mwaka 1984. Kilimpa mtumiaji mdundo wa usemi na kumsaidia kusoma midomo. Huko Melbourne, mwaka 1978, Graeme Clark alipandikiza kifaa chenye elektrodi nyingi, kila moja ikichochea eneo lake ndani ya sikio.

Hatua kubwa zaidi haikutokana na kuongeza elektrodi. Mwaka 1991 Blake Wilson na wenzake walionyesha kuwa elektrodi zikifanya kazi kwa wakati mmoja, umeme wa moja huvuruga wa nyingine. Walizipa zamu, kwa mipigo ya kasi sana, na utambuzi wa maneno ukapanda. Mwaka 1995 Robert Shannon na wenzake wakathibitisha kwamba watu wenye usikivu wa kawaida huelewa sentensi, mahali patulivu, hata sauti ikipunguzwa hadi mikanda minne tu.

Mafanikio hayo yalikuwa na bei yake. Mbinu hizo huhifadhi nguvu ya sauti inavyobadilika, lakini kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, hupotea kwa kiasi kikubwa. Kwa Kiingereza hasara hiyo si kubwa. Kiswahili nacho hakitofautishi maneno kwa toni. Kwa Kichina, ambacho hubeba maana ya neno katika toni, watafiti wamekuta watoto wenye vipandikizi wakihangaika kuzitambua.

Hapo ndipo historia ya Paris na Melbourne inapofika Nyahanga, kata ya mji wa Kahama, mji uliokuzwa na biashara na dhahabu. Kisukuma na Kinyamwezi ni lugha za toni. Mtoto wa huko huweza kusemeshwa Kisukuma na bibi yake asubuhi, akafundishwa kwa Kiswahili darasani, kisha akapita sokoni kati ya bodaboda na mashine za kusaga, na kelele ni adui mwingine wa kifaa hiki. Tukimpima kwa orodha ya maneno ya Kiswahili ndani ya chumba kimya, tutaandika kwamba amefaulu, ilhali huenda hamwelewi bibi yake.

Kuboresha utambuzi wa usemi, basi, si kazi ya mafundi wa ughaibuni peke yao. Ni kazi ya wizara pia. Mtoto agundulike mapema, kwa kuwa ubongo hujifunza lugha kwa urahisi zaidi katika miaka ya mwanzo. Kifaa kinahitaji kurekebishwa mara kwa mara, na Kahama ni takribani kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam. Huduma hiyo isogezwe Kanda ya Ziwa. Wataalamu wa matamshi wafunzwe, na vyuo vyetu viandae vipimo vya usikivu kwa Kiswahili na kwa lugha za toni. Wanaisimu wetu wameziandika toni hizo kwa miongo kadhaa. Maarifa hayo yatoke maktabani yaingie kliniki.

Wala kipandikizi kisigeuzwe kisingizio cha kuipuuza Lugha ya Alama. Tangu Shule ya Viziwi Tabora ianzishwe mwaka 1963, viziwi wengi wa nchi hii wamepata elimu bila kifaa chochote kichwani, na wengi wataendelea hivyo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawatambua wote.

Idadi ya waliopasuliwa ni takwimu rahisi kuisoma bungeni. Takwimu ya haki ni idadi ya watoto wanaoweza kuitwa kwa jina nyumbani kwao, katika lugha ya nyumbani kwao, wakageuka na kujibu.