Kiatu cha Babu, Fundi wa Kariokor

Fundi alikikunja kiatu kwa vidole gumba, akakigeuza, akakinusa. Kisha akauliza, "Hiki ni cha nani?"

"Changu."

"Kijana, nimeuliza ni cha nani."

Basi nikamwambia. Ni cha babu. Alikuwa karani wa reli enzi za East African Railways and Harbours, na hivi viatu vyeusi vya kamba alivinunua hapa Nairobi kwa mshahara wake. Ndani palikuwa na maandishi ya rangi ya dhahabu. Sasa limebaki neno moja tu, England. Babangu alivirithi akavivaa siku ya harusi yake. Nilipopata barua ya kuingia chuo alinikabidhi vikiwa vimefungwa kwa gazeti, akasema utavivaa siku ya graduation.

Nilitoka chuo mwaka wa tatu. Viatu vikakaa kwa katoni chini ya kitanda miaka minne, mpaka mvua ya mwaka jana ikaingia kwa nyumba kabla mimi sijaingia. Cha kulia kikapanua mdomo. Na sasa dadangu mdogo ndiye anagraduate Desemba, na mzee amenipigia simu: "Uje na vile viatu." Akakata. Hakusema nije navyo miguuni ama mkononi.

Mafundi wawili wa mtaani waliniambia wapake gundi, mia mbili, nisubiri hapo hapo. Wa tatu alivitazama kwa muda akavirudisha. "Hivi peleka Kariokor."

Jina hilo tunalitamka kila siku kwa matatu bila kulifikiria. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika huku, Waingereza walikusanya wanaume, wengi kwa nguvu, wawabebee risasi na chakula kuelekea kusini, wakimfukuza Mjerumani von Lettow-Vorbeck. Kikosi kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukalifanyia jina ukarabati: Nairobi ikabaki na Kariokor, Dar es Salaam ikabaki na Kariakoo. Wabebaji hao walitembea miguu mitupu. Hata askari wengi wa King's African Rifles walipigana vita hivyo bila viatu, na funza wakawaangusha watu ambao risasi ilikuwa imewakosa. Makumi ya maelfu ya wabebaji hawakurudi, wengi kwa maradhi na njaa. Leo mahali palipobeba jina lao ndipo Nairobi inakuja kutafuta ndara za ngozi na akala. Nimepita hapo mara nyingi na sikuwahi kuunganisha hayo mawili.

Lakini tusidhani Mwingereza ndiye alivumbua cheo cha kiatu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alisali Ijumaa pamoja na sultani, aliyeitwa sheikh. Wakitoka, sheikh akavaa viatu vyake, akamwambia kadhi na mgeni wavae vyao, halafu wakaenda hadi kwake huku watu wengine wakifuata miguu mitupu. Zanzibar ya karne ya 19, mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu, ndiyo maana baada ya utumwa kufutwa watu walikimbilia kuvivaa. Na ukitazama picha za nyumba za masetla hapa Kenya, utamwona mpishi amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, na chini ya kanzu ni vidole vyake.

Kwa hivyo karani Mwafrika akitoka dukani na viatu vya ngozi vya kamba, hakuwa amenunua urembo tu. Babu hakuwa tajiri. Nikiwa mdogo nilidhani alikuwa na maringo, manake alikuwa akivipiga kiwi hadi siku ambayo hakuna mahali anaenda.

Fundi alichukua kisu akaanza kuing'oa soli ya zamani. "Hiki kimeshonwa," akasema, "hakikubandikwa." Akanionyesha. Ngozi ya juu haishiki soli moja kwa moja. Kati yake pana ukanda mwembamba wa ngozi unaozunguka kiatu. Ukanda umeshonwa kwa ngozi ya juu, na soli imeshonwa kwa ukanda. Ikiisha, unakata mshono wa chini pekee na kushona soli nyingine, na ngozi ya juu hata haijui kuna kitu kimetendeka.

Zamani mshono huo ulikuwa wa mkono. Miaka ya 1870 huko Marekani mashine ya kuushona ikaanza kuenea, nayo inabeba jina la Charles Goodyear mdogo, mtoto wa yule Goodyear aliyegundua namna ya kupika mpira na salfa ukawa imara. Kampuni ya matairi yenye jina hilo ilianza mwaka 1898, baba akiwa keshakufa zamani, na haikuwa ya familia. Hata hivyo nilicheka, kwa sababu meta chache kutoka tulipoketi kuna jamaa anakata matairi atengeneze akala. Jina moja liko kwa tairi la akala na kwa mshono wa kiatu cha karani.

Kazi iliyowashinda wenye mashine muda mrefu ilikuwa kuivuta ngozi ya juu juu ya umbo la mguu bila kukunjika. Fundi hodari wa mkono alimaliza kama jozi 50 kwa siku na alijua hakuna wa kumbadilisha. Aliyepata jibu ni Jan Ernst Matzeliger, mzaliwa wa Suriname, mama yake mwenye asili ya Afrika. Alihamia mji wa viatu wa Lynn, Massachusetts, akapewa hataza mwaka 1883 kwa mashine ambayo ilikuja kufikisha mamia ya jozi kwa siku. Bei ya viatu ikashuka. Yeye alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1889, hajafika miaka 40.

Kisha gundi na plastiki zikaleta viatu vya bei rahisi zaidi, na siwezi kuvitukana. Mimi nimesoma na sandak na Toughees, na mtoto aliye na sandak si mtoto wa miguu mitupu. Tatizo ni kwamba kiatu cha soli iliyomwagwa kwa kalibu hakina mlango. Fundi hana pa kuingilia. Mitumba ilipofunguliwa milango miaka ya mwanzo ya 90, mafundi wengi waliacha kutengeneza viatu wakabaki kurekebisha, na sasa hata raba zikichoka ni za kutupa.

Soli ilipotoka, chini yake palikuwa na unga wa kizibo, mweusi kwa uzee, umebonyea umbo la mguu. Kisigino, unyayo, kidole gumba. Babu amekufa mwaka wa tisa huu, na hapo alikuwa amekanyaga.

Fundi aliinamia ukanda akahesabu matundu. "Hii si soli ya kwanza. Mtu ameshona hapa, na mwingine akashona tena. Ona mashimo hayafuatani. Yangu ni ya tatu."

Hilo hakuna aliyewahi kuniambia. Nilivyosikia nyumbani, babu alitunza vitu vyake, haviharibiki. Kumbe viliharibika mara mbili, na kila mara alivipeleka kwa fundi bila kumwambia mtu.

"Huo mguu kwa kizibo," nikauliza, "unaweza kuuacha?"

"Naweza. Lakini utatembea kwa mguu wake, na wako si wake. Utaumia." Akaukwangua. Sikutazama.

Alilowesha ngozi mpya kwenye maji, akaipiga nyundo ikakaza, akatoboa kwa msharasi na kushona kwa uzi uliopakwa nta, sindano mbili zikipishana kwenye tundu moja. Siku tatu, 2,500. Nililipa nusu, nusu nikaahidi, na Ijumaa nikarudi nayo.

Vilikuwa vinang'aa. Nikasimama navyo kwenye saruji, vikapiga kelele.

"Usiingie navyo kwa ukumbi moja kwa moja," akasema. "Ngozi mpya inateleza. Anza na barabara mbaya, ikwaruzike kidogo."

Nikatembea navyo hadi Ngara.