Kasha Lile Lile, Madabodi Mpya

Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa vipimo vya madabodi vilivyoitwa ATX: ukubwa wake, mahali pa kila tundu la skrubu, upande wa kuchomekea nyaya. Hakuna aliyevishangilia, lakini ndivyo vinavyofanya kasha la kompyuta ya mezani la miaka ile liweze kupokea madabodi iliyotoka kiwandani juzi. Kompyuta mpakato hazikupata bahati hiyo. Kila kiwanda kilikata madabodi kwa umbo lake, na mara nyingi kila toleo lilikuwa na umbo jingine. Mtumiaji akabakiwa na RAM, diski na betri za kubadilisha, navyo vikaanza kufungwa. MacBook Air ya 2008 ilikuja na RAM iliyochomelewa kwa lehemu. Mwaka 2012 MacBook Pro ya skrini ya Retina ikaongeza betri iliyobandikwa kwa gundi. Viwanda vingine vikafuata, kwani wanunuzi walipenda wembamba, na kwa hilo hatuwezi kuwalaumu wenye viwanda peke yao.

Ndiyo maana naona kompyuta mpakato za vipande, zile ambazo mtumiaji anaweza kuzifungua na kubadilisha sehemu zake, zinasifiwa kwa jambo lisilo lake. Watu husifu skrubu. Mashine inaweza kufunguka kwa dakika tano na bado ukakosa kipuri cha kuweka. Thamani iko katika umbo lisilobadilika, kwa kuwa mnunuzi wa leo analipia pia kitu ambacho bado hakijatengenezwa. Dell iliponadi kompyuta mpakato ya Alienware Area-51m mwaka 2019, ilisisitiza kwamba prosesa na kadi ya grafiki vinaweza kuboreshwa. Mwaka uliofuata likaja toleo la pili, na wenye toleo la kwanza wakaona vipuri vipya haviingii kwenye mashine zao; mwaka 2021 mnunuzi mmoja akafungua kesi California akidai kupotoshwa. Kufunguka, mashine ile ilifunguka vizuri tu. Simu ya vipande ya Google nayo, Project Ara, ilitangazwa mwaka 2013, ikauawa 2016 kabla haijaingia dukani.

Framework, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na Nirav Patel, ilianza kusafirisha kompyuta yake ya inchi 13.5 Julai 2021. Sandukuni mna bisibisi moja inayotosha kwa kazi nzima. Heshima yake, hata hivyo, imetokana na yaliyofuata: madabodi ya Intel ya 2022, ya AMD ya 2023, kisha ya AMD tena 2025, zote zikikaa katika kasha lile la kwanza. Kwa mnunuzi wa aina hii kusubiri ndiko kunakoipima ahadi. Wenye Laptop 16, kompyuta ya Framework ya inchi 16 iliyoanza kuwafikia wateja Januari 2024, walikaa mpaka Agosti 2025 ndipo kadi mpya ya grafiki ikatangazwa, na wakati wote huo walichokuwa nacho mkononi ni neno la kampuni.

Wapo wanaosema hesabu hailipi. Madabodi moja hugharimu mamia ya dola, na aliyehamia AMD mwaka 2023 alilazimika kununua na RAM ya DDR5, kwa kuwa ile ya DDR4 haikufaa tena. Kweli, anayetafuta bei tu atanunua ThinkPad iliyotumika na atakuwa amefanya la maana. Lakini mwenye kubadilisha madabodi hanunui tena skrini, kibodi wala kasha, na madabodi ya zamani huweza kuwashwa peke yake ikafanya kazi nyingine nyumbani.

Swali gumu zaidi ni hili: kampuni changa ikifilisika, ahadi itashikwa na nani? ATX haikuishi kwa hisani ya Intel. Iliishi kwa sababu viwanda vingi viliifuata. Framework imechapisha michoro ya vipimo vya madabodi yake, na kampuni nyingine, DeepComputing, ikaitumia nafasi hiyo kutengeneza madabodi ya prosesa ya RISC-V inayoingia katika kasha lile la inchi 13.5. Ni ya polepole, imekusudiwa waandika programu, na kwa kazi za kawaida za ofisi nisingemshauri mtu ainunue. Ila haikutengenezwa na Framework.