Mshahara wa Sifuri: Miaka 45 ya Ofisi Kufungwa Marekani

Ijumaa ya tarehe 11 Januari 2019, waongoza ndege wa Marekani walipata hati zao za mshahara kama ilivyo ada. Jina la mtu lilikuwepo, na mwajiri pia. Mahali pa fedha ya kuchukua nyumbani palikuwa na sifuri. Baadhi yao walizipiga picha hati hizo wakazirusha mitandaoni, na kwa mara ya kwanza watu wengi nje ya Marekani wakaelewa maana ya habari waliyokuwa wakiisikia tangu kabla ya Krismasi, kwamba serikali ya nchi tajiri kuliko zote duniani "imefungwa".

Watumishi wapatao 800,000 waliguswa. Karibu 380,000 walikuwa wameambiwa wakae nyumbani, likizo ya lazima isiyo na malipo. Wengine 420,000 hivi waliamriwa waendelee na kazi, bila malipo vilevile. Wote walisubiri siku 35.

Afrika Mashariki mshahara kuchelewa si jambo geni. Walimu na wafanyakazi wa kaunti wanaweza kusimulia hadi usiku wa manane. Lakini kwetu mshahara unapokwama, mara nyingi tunaambiwa fedha hazijafika au hazina imekauka. Washington fedha huwa zipo, kinachokosekana ni ruhusa ya kuzigusa. Katiba yao, katika ibara ya kwanza kabisa, inasema hakuna senti itakayotoka Hazina bila sheria iliyopitishwa na Bunge. Bunge na Rais wasipoelewana kuhusu bajeti kufikia tarehe 1 Oktoba, siku mwaka wao wa fedha unapoanza, ruhusa hiyo inakatika.

Mtu angedhani basi kwamba ofisi zimekuwa zikifungwa tangu enzi za George Washington. Sivyo hata kidogo. Katiba hiyo ilifanya kazi karibu karne mbili bila mtumishi hata mmoja kurudishwa nyumbani kwa sababu ya bajeti iliyochelewa. Mtindo huu ni wa juzi, na una tarehe ya kuzaliwa.

Mizizi yake, hata hivyo, ni ya karne ya 19. Wakati huo idara za serikali, hasa za jeshi, zilikuwa na ujanja wao: zinatumia fungu la mwaka mzima katika miezi michache, kisha zinarudi bungeni na madeni mkononi, na Bunge halina budi kulipa. Mwaka 1870 Bunge lilipiga marufuku tabia hiyo. Mwaka 1884 likaongeza kifungu kingine: ofisa wa serikali asipokee huduma ya kujitolea, isipokuwa kwa dharura ya ghafla inayohatarisha maisha ya watu au mali. Hofu ilikuwa kwamba watu wangefanya kazi leo "bure", halafu kesho wadai malipo. Tazama sasa kinaya cha historia. Sheria iliyotungwa ili pasiwe na mtu wa kuifanyia serikali kazi bila malipo ndiyo inayotumika leo kuwaweka mamia ya maelfu kazini bila malipo, kwa kupitia mlango ule mdogo wa "dharura".

Kwa miongo mingi sheria hiyo haikumnyima mtu usingizi. Katika miaka ya 1970 bajeti ilichelewa mara kadhaa, na wakuu wa idara waliahirisha safari na manunuzi, wakasubiri. Watumishi walikwenda kazini. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge lenyewe, ilipoulizwa mapema mwaka 1980, ilisema haiamini kwamba wabunge walikusudia ofisi zifungwe.

Mwanasheria Mkuu wa Rais Jimmy Carter, Benjamin Civiletti, aliisoma sheria kwa jicho jingine. Tarehe 25 Aprili 1980 alitoa maoni ya kisheria kwamba idara isiyo na bajeti haina mamlaka ya kuajiri mtu hata kwa siku moja, na ofisa atakayekaidi anaweza kushtakiwa. Siku chache baadaye, tarehe 1 Mei, Tume ya Shirikisho ya Biashara ikafungwa. Watumishi 1,600 hivi walirudi nyumbani, na kesho yake wakarejea. Januari 1981 Civiletti alilegeza kidogo, akaeleza ni kazi zipi zinaweza kuendelea: zile za kulinda maisha na mali. Tangu hapo watumishi wa serikali kuu wamegawanyika makundi mawili, wa kukaa nyumbani bila mshahara na wa kwenda kazini bila mshahara. Civiletti, aliyefariki mwaka 2022, alisema uzeeni kwamba hakuwahi kufikiri maoni yake yangegeuzwa silaha ya siasa kwa muda mrefu namna hiyo. Namwamini. Lakini silaha ikishatengenezwa haimngoji fundi wake aidhinishe matumizi.

Ronald Reagan aliijaribu Novemba 1981, akawarudisha nyumbani watumishi 241,000 kwa saa chache. Mwaka 1990 ikatokea tena, wikiendi ya sikukuu, na wengi hawakuona tofauti.

Mambo yalibadilika mwaka 1995. Spika Newt Gingrich na chama chake cha Republican walitaka kubana matumizi, Rais Bill Clinton akakataa. Novemba watumishi 800,000 hivi walikaa nyumbani siku tano. Wakarudi, wakadhani yameisha. Tarehe 16 Desemba mlango ukafungwa tena, safari hii kwa siku 21, Krismasi na Mwaka Mpya zikiwa humo ndani. Hifadhi za taifa zilifungwa, maombi ya pasipoti yakarundikana, na watumishi wakaanza kujifunza somo ambalo hakuna aliyewaandalia: namna ya kumpigia simu mwenye nyumba.

Mwishowe walilipwa malimbikizo yao yote, na hapo ndipo ilipozaliwa kauli inayorudiwa hadi leo na wasiowahurumia: "Si watalipwa tu?" Ni kweli, kila mara Bunge limelipa baadaye. Mwaka 2013, ofisi zilipofungwa siku 16 kwa ugomvi wa sheria ya bima ya afya ya Barack Obama, Baraza la Wawakilishi lilipitisha ahadi ya kuwalipa kwa kura 407 bila hata moja ya kupinga. Ahadi ni deni, wanasema Waswahili, lakini benki inayodai rejesho la mkopo wa nyumba haipokei ahadi ya mbunge.

Tuutazame mfuko wenyewe. Mtumishi wa serikali kuu ya Marekani hulipwa kila baada ya wiki mbili, na bili zake zimepangwa zifuate mdundo huo: kodi ya nyumba au mkopo wake, gari, bima, umeme, ada ya kulea watoto. Ukimtoa mtoto katika kituo cha malezi ili kuokoa fedha, unaweza kupoteza nafasi yake, na siku ukiitwa kazini huna pa kumwacha. Utafiti wa Benki Kuu ya Marekani uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu wazima wanne kati ya kumi wasingeweza kukabili dharura ya dola 400 kwa fedha zao wenyewe bila kukopa au kuuza kitu. Watumishi wa umma wamo humo. Mkaguzi wa mizigo uwanja wa ndege si tajiri, wala mlinzi wa gereza. Zaidi ya watumishi wanne kati ya watano hata hawaishi Washington. Wametawanyika katika viwanja vya ndege, hospitali za maveterani, magereza na misitu ya nchi nzima.

Kisha kuna mtego ambao watu wa nje hawauoni. Wenye kazi za siri hupewa kibali cha usalama, na mtu aliyezama katika madeni anaweza kunyang'anywa kibali hicho, kwa kuwa mdaiwa anahesabiwa kuwa rahisi kununuliwa. Kwa hiyo serikali inamnyima mtu mshahara, deni linapanda, halafu serikali hiyohiyo inamuuliza kwa nini ana deni. Kutafuta kibarua cha pembeni nako kunaweza kuhitaji idhini ya ofisi ambayo mwenye kuidhinisha naye amerudishwa nyumbani. Aliyeko nyumbani anaweza kuomba fidia ya ukosefu wa ajira na kuirudisha akilipwa malimbikizo. Anayefanya kazi bila malipo haipati kwa kawaida, maana kwa hesabu za serikali ana ajira.

Kwa familia za Wamarekani weusi pigo lina historia ndefu zaidi. Sekta binafsi ilipowafungia milango, ajira ya serikali ilikuwa mojawapo ya njia chache za kufikia nyumba yao wenyewe na pensheni. Hadi leo wao ni karibu asilimia 18 ya watumishi wa serikali kuu, zaidi ya sehemu yao katika nguvu kazi ya taifa. Wilaya ya Prince George's huko Maryland, yenye weusi wengi wa kipato cha kati, imesimama juu ya mishahara hiyo.

Turudi mwaka 2019, kwa sababu hapo ndipo wasiwasi ulipotoka chumbani ukasimama barabarani. Donald Trump alitaka dola bilioni 5.7 za kujenga ukuta mpakani na Mexico, Bunge likakataa, na ofisi zikafungwa kuanzia tarehe 22 Desemba 2018. Idara inayosimamia watumishi iliwapa mifano ya barua za kuwaandikia wadai. Mmojawapo ulipendekeza mpangaji aombe kupaka rangi au kufanya useremala badala ya sehemu ya kodi. Baadaye idara ilisema mfano huo ulikuwa wa mwaka 2013 na ulitolewa kwa bahati mbaya. Kikosi cha Ulinzi wa Pwani kilikuwa na waraka wa ushauri kwa watu wake: uzeni vitu vya nyumbani, leeni watoto wa watu, tembezeni mbwa. Mpishi José Andrés alifungua jiko katika barabara ya Pennsylvania, katikati ya Ikulu na Bunge, kuwalisha watumishi bure. Waziri wa Biashara Wilbur Ross, mtu mwenye mamilioni, alisema kwenye televisheni kwamba haelewi vizuri kwa nini watumishi wanakwenda kuomba chakula ilhali wanaweza kukopa. Kweli vilikuwepo vyama vya akiba na mikopo vilivyotoa mikopo isiyo na riba. Lakini si kila mtumishi alikuwa mwanachama, na mkopo usio na riba nao ni mkopo.

Kwa nini hawakugoma? Kwa sababu ni kosa la jinai. Mwaka 1981 waongoza ndege waligoma, na Reagan akawafukuza zaidi ya 11,000. Jeraha hilo halijapona. Mwaka 2019 watumishi hawakutangaza mgomo. Watu waliugua tu. Wakaguzi viwanjani walizidi kukosekana kazini, hadi kufikia mmoja kati ya kumi siku moja ya Januari. Tarehe 25 Januari waongoza ndege wachache hawakufika zamu zao, ndege zikasimamishwa kwa muda kuingia LaGuardia, New York, na siku hiyohiyo Trump akakubali kufungua ofisi bila fedha za ukuta. Vyama vya wafanyakazi vilikana kupanga lolote. Msomaji na ajiamulie.

Ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba uchumi ulipoteza dola bilioni 3 zisizorudi. Kabla hata mvutano haujaisha, ilitiwa saini sheria ya kuhakikisha kwamba kuanzia hapo kila mtumishi atalipwa malimbikizo yake pindi ofisi zikifunguliwa. Haikuwagusa wafagiaji, walinzi na wapishi walioajiriwa na makampuni yenye zabuni za serikali. Hao hawakulipwa siku zao, na miswada ya kuwafidia imewasilishwa zaidi ya mara moja bila kuwafaa kitu.

Mahakamani nako mtumishi alionja ushindi kisha akanyang'anywa. Maelfu waliofanya kazi mwaka 2013 walishtaki kwamba kulipwa kwa kuchelewa kunavunja sheria ya viwango vya kazi, ileile inayombana kila mwajiri binafsi. Jaji wa kwanza aliwapa haki. Mwaka 2022 mahakama ya rufani ikaitengua hukumu: serikali haikuvunja sheria, ikasema, kwa kuwa sheria nyingine ilikuwa inaikataza kulipa.

Ndipo ofisi zikafungwa kwa muda mrefu kuliko mara zote zilizotangulia, siku 43, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025. Safari hii hata dhamana ya mwaka 2019 ilitiwa shaka: Ikulu ilidokeza kwamba waliokaa nyumbani huenda wasilipwe wasipotajwa upya na Bunge, na barua za kuwaachisha kazi maelfu zikatumwa katikati ya mvutano hadi mahakama ilipoingilia. Msaada wa chakula kwa watu milioni 42 uliyumba. Safari za ndege zilipunguzwa katika viwanja 40. Sheria iliyomaliza mgogoro ilithibitisha malimbikizo na kubatilisha barua zile.

Nchi nyingi zimeliziba shimo hili kwa sentensi chache. Katiba ya Kenya, kifungu cha 222, inaruhusu Bunge la Taifa kuidhinisha hadi nusu ya makadirio ya matumizi itumike bajeti ikichelewa. Ya Tanzania, ibara ya 90, inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti, kwa hiyo wa kwanza kupoteza kazi ni mbunge. Marekani mbunge halipi gharama yoyote. Mshahara wake unalindwa na Katiba, na umeendelea kuingia katika kila mgogoro tangu 1980. Miswada ya kuifanya bajeti ya mwaka uliopita iendelee yenyewe mpya ikichelewa imewasilishwa mara nyingi, na vyama vyote viwili. Hadi ofisi zilipofunguliwa Novemba 2025, hakuna hata mmoja uliokuwa sheria.